Saa Kumi Jioni Mama Alikuwa Akisuka Ukili

Harufu ya miyaa inayochemka kwenye rangi ndiyo harufu ya kidato changu cha kwanza. Mama aliichemsha nyuma ya nyumba yetu, kijijini Zinga, katika sufuria kuukuu lisilopikiwa kitu kingine, na vidole vyake vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye kucha. Alisuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, mchana kutwa. Hata akisimama mlangoni kuzungumza na jirani, mikono iliendelea na kazi yake. Ukili huo ndio ulioninunulia sare ya shule.

Muhula ule mwalimu wa Kiingereza alitufundisha kueleza jambo lililokuwa likiendelea wakati fulani uliopita. Akatuagiza tuandike kila mtu wa nyumbani alikuwa akifanya nini jana yake saa kumi jioni. Nilifurahi, maana kwetu saa hiyo hakuna aliyekaa bure. Niliandika kwamba Mama alikuwa akisuka ukili. Neno ukili sikulipata kwenye kamusi, nikaliacha vivyo hivyo. Mwalimu alikiri kuwa sikukosea popote. Kisha akaikata sentensi yangu kwa wino mwekundu, akaandika juu yake kuwa Mama alikuwa akisoma gazeti.

“Utaisoma hii siku ya wazazi,” aliniambia. “Usituaibishe na mambo ya mikeka mbele ya wageni.”

Tuaibishe! Na msala aliokuwa akiswalia ofisini kwake kila adhuhuri, aliyeushona ni nani kama si Mama? Ningemwambia hivyo, lakini nilikuwa mtoto, na fimbo ilikuwa mezani.

Siku ya wazazi Mama alikaa mbele na kanga mpya. Hakujua Kiingereza hata neno la kuombea maji. Nilisoma habari za gazeti ambalo halijawahi kuingia nyumbani kwetu, naye akapiga makofi kuliko wote.

“Nimesikia maza, maza,” aliniambia njiani. “Umenisema nini, mwanangu?”

“Nimesema ulikuwa ukisuka ukili, Mama.”

Akacheka, akavitazama vidole vyake. “Kumbe hata kwa Kizungu nasuka!”

Furaha yake iliniuma kuliko fimbo yoyote. Nilimchukia mwalimu yule, na bado sijamsamehe.

Siku hizi shule zina umeme na walimu wana simu za kisasa. Juzi binti yangu kaleta daftari lenye swali lile lile. Kaandika kuwa saa kumi bibi yake alikuwa akisuka ukili, na pembeni, kwa wino mwekundu, ameambiwa atafute shughuli ya maana zaidi.

Kesho asubuhi nakwenda shuleni, na Mama nakwenda naye. Aliponiuliza tunafuata nini, nilimweleza yote, pamoja na lile gazeti nililomficha miaka yote hii. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, anasuka kwa kupapasa. Vidole vikasimama.

“Yule mwalimu wako,” akasema, “siku ile alipoikata sentensi yako, alikuwa bado akiswalia msala wangu?”