Aliyeniitikia

Katika ofisi ya karatasi za wakimbizi, sisi watu wa Uvira, Bukavu na Bujumbura tulikuwa na desturi ambayo sijui nani aliianzisha. Jina likiitwa na mwenyewe hayupo, ameenda msalani au kununua maandazi nje ya uzio, aliyekuwa karibu naye kwenye foleni humwitikia. Wala husemi "yupo", maana karani atauliza yuko wapi na faili litarudi chini ya rundo. Unasema "mimi hapa", unajongea polepole, unajifanya kutafuta kitu mfukoni, mpaka mwenyewe atokee mbio na kuchukua nafasi yake. Makarani hawakuwa wanatazama sura. Siku moja nilimwitikia mwanamke, na karani hakuinua hata kichwa.

Naeleza hili mapema kwa sababu sitaki mtu aitwe mwizi kabla hujajua tulivyozoea kuishi.

Kwetu Uvira nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Johannesburg nilikuwa muuza soksi kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani. Madereva waliniita bosi, rafiki, Mkongo, na siku nyingine walipandisha kioo tu. Kwa hiyo niliposikia kwamba chuo kimoja cha binafsi mtaa wa Braamfontein kinatafuta msimamizi wa bweni, mtu anayejua Kiswahili na Kifaransa wa kuwaangalia wanafunzi wanaotoka pande zetu, sikulala. Kulikuwa na mshahara, kulikuwa na chumba. Lakini nikisema kweli, kilichoniondolea usingizi ni beji. Wasimamizi wa pale walivaa beji kifuani yenye jina lao kamili. Nilikuwa na miaka mitatu sijasikia mtu akilitaja jina langu bila kusoma kwenye faili.

Maombi niliyatuma kutoka duka la intaneti la dada mmoja wa Tanga, hapo mtaani La Rochelle, hatua chache kutoka nilipopanga. Wiki hiyo simu yangu ilikuwa imekwapuliwa mtaa wa Malvern, kwa hiyo kwenye fomu niliandika namba ya mwenzangu wa chumba. Nakala ya karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa nakala ya nakala, na uso wangu ulikuwa umebaki doa jeusi lenye masikio mawili. Dada aliitazama akacheka.

"Kaka yangu, kwa picha hii hata mimi naweza kuwa wewe."

Na mimi nilicheka.

Mwenzangu wa chumba alikuwa mtu wa Bukavu, rika langu, mlinzi aliyeachishwa kazi. Tulilala kitanda changu huku, chake kule, na pazia la kitenge katikati. Umeme ulipokatika tulizungumza gizani mpaka mmoja aanze kukoroma. Mimi ndiye niliyezungumza zaidi, ndiyo kasoro ya walimu. Yeye alisikiliza vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kufundisha.

Wiki mbili zikapita. Kila jioni nilimuuliza kama wamepiga.

"Bado, Mwalimu. Hakuna kitu."

Ningeendelea kungoja. Kwetu mtu akishapokea barua yako, kumfuata ni kumwambia hajui kazi yake. Dada wa Tanga ndiye aliyenikemea. "Hapa usipowafuatilia wanakusahau, kaka. Shika hii, piga sasa hivi, nikuone." Akanisukumia simu ya duka.

Akapokea mhudumu wa mapokezi, sauti changamfu. Nilijitambulisha kwa jina langu kamili, polepole, kwa Kiingereza changu cha darasani, nikasema nauliza hatua iliyofikiwa na maombi yangu.

"Lakini tulishazungumza nawe Jumanne," akasema.

Nikamwambia labda ananichanganya na mwingine.

"Hapana, ni wewe. Uliongea na mkurugenzi karibu nusu saa. Mpaka leo anatusimulia lile darasa lako lililohama na kivuli." Kisha akauliza, "Umepata mafua? Sauti yako leo si ile."

Lile darasa lilikuwa langu. Mwaka paa la shule yetu lilipong'olewa na upepo, nilifundisha kando ya ukuta, na kila kivuli kilipohama watoto waliinuka na madaftari yao wakakifuata, asubuhi upande huu, alasiri upande ule. Hadithi hiyo sikuiandika kwenye barua ya maombi. Nilikuwa nimeisimulia mara moja tu Johannesburg, gizani, kwa pazia la kitenge.

"Basi tuonane kesho saa tatu asubuhi, kama tulivyokubaliana," mhudumu akasema. "Na upone."

Nilimrudishia dada simu yake. Aliniuliza wamesemaje, nikamwambia wamesema nilihojiwa vizuri sana. Alifurahi, na mimi nikatoka nje kabla hajaniuliza zaidi.

Jioni nilimuuliza mwenzangu swali lilelile. Nilitaka kumpa nafasi.

"Bado, Mwalimu," akasema, kisha akakohoa kidogo, kikohozi cha kuomba darasa litulie. Kilikuwa kikohozi changu. Nilijiuliza amekuwa nacho tangu lini. Ningeweza kumkaba hapohapo. Badala yake nilizima taa, nikalala nikimsikiliza upande wa pili wa pazia, akinong'ona maneno ambayo sikuyasikia vizuri, anakatiza, anarudia.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Kwenye msumari wangu hapakuwa na koti langu.

Nilifika Braamfontein saa tatu kasorobo, nina shati tu. Mlangoni pa jengo mlinzi alinisogezea daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kamba. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina langu. Lilikuwa limeandikwa taratibu, herufi zimekaa vizuri kuliko ninavyoziandika mimi. Muda wa kuingia ulikuwa umeandikwa. Muda wa kutoka ulikuwa mtupu.

"Jina," mlinzi akasema.

Nilishika ile kalamu muda mrefu. Nyuma yangu watu wawili walikuwa wanangoja. Kama ningeliandika jina langu chini ya jina langu, mlinzi angeuliza, na mtu wa karatasi kama zetu hapendi kuulizwa na mlinzi. Nikaandika jina la mwenzangu. Mkono uliandika bila kusita, nami nikajichukia.

Ghorofani nilikaa kwenye kiti cha mapokezi. Mhudumu aliniuliza nimemfuata nani. Nikasema namngoja mtu, nikamtaja kwa jina langu. "Aliwahi, yuko ndani tayari," akasema kwa tabasamu. Kupitia mlango niliisikia sauti ikisimulia kwa Kiingereza cha darasani, ikipumzika pale ninapopumzika mimi. Ilifika kwenye watoto na kivuli. Akaongeza kitu ambacho hakikutokea, msichana aliyebaki juani kwa sababu hakumaliza hesabu yake, na mkurugenzi akashusha pumzi. Jambo la ajabu ni kwamba nilimwona yule msichana. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba hakuwapo.

Mlango ulifunguliwa. Alitoka amevaa koti langu, mkurugenzi amemshika bega, anamwita kwa jina langu na kulitamka vizuri kabisa. Aliponiona alikufa ganzi. Kisha akasema haraka, "Huyu ni ndugu yangu, tunakaa pamoja."

Mkurugenzi alinipa mkono. Alikuwa mtu mwema, hilo lilikuwa baya zaidi. "Lazima unajivunia ndugu yako," akaniambia.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Sentensi moja tu. Lakini kwenye faili lile ushahidi wangu wote ulikuwa doa jeusi lenye masikio, na mtu mwenye sauti yangu, koti langu na darasa langu alikuwa amesimama mbele yao na wamempenda. Ningesema, wangeita polisi, na polisi wangeanza na karatasi za wote wawili. Nikasema ndiyo, najivunia.

Njiani alilia kabla sijamwambia neno.

"Ile siku walipiga ulikuwa hauko, Mwalimu. Wakauliza, ni wewe? Nikasema ni mimi, kama kule kwenye foleni. Nilikuwa nakushikia fasi tu. Nikangoja waulize kitu kidogo nikate, wao wakaendelea. Kisha nikaona haya kukuambia."

"Na leo?"

"Leo nilisema kama hakuna mtu anaenda, fasi inapotea. Vraiment, kweli kabisa, wangekuona wewe wangejua si ile sauti." Alivua koti, akanipa. "Kazi ni yako. Kesho enda wewe."

Tukasimama pale tukiangaliana. Wote wawili tulijua. Sauti walikuwa wameshaisikia, na sasa sura pia wameshaiona. Kilichokuwa changu katika kazi ile kilikuwa jina tu, na nisingeweza kwenda nalo bila kuambiwa nimeliiba. Nilimtukana matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Kisha nikamrudishia koti, kwa sababu angelihitaji.

Alihamia bwenini mwisho wa mwezi. Aliniletea unga, aliniletea simu, nikavipokea nikiwa nimenuna. Dada wa Tanga aliponiuliza kazi imeishia wapi, nilimwambia nimepata. Akapiga vigelegele mpaka wateja wakageuka.

Mwaka jana nilihamishia soksi zangu robot moja ya Braamfontein, nikajiambia ni kwa sababu ya wateja. Adhuhuri moja taa ilikuwa nyekundu, nami nipo katikati ya magari, mikono imejaa soksi. Mwanafunzi mmoja ng'ambo ya barabara akaita kwa nguvu, kwa Kiswahili cha kwetu, jina langu lote, la kwanza mpaka la ukoo.

"Mimi hapa!" sauti ikaitika, na ilikuwa ile sauti niliyotumia zamani kuita mahudhurio. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chuo, beji inang'aa kifuani, mkono juu.

Wapita njia kadhaa waligeuka kumtazama. Nami nilikuwa nimegeuka pamoja nao, nione ni nani anayeitwa.