Simu ya Upepo ya Mume wa Shangazi

Baba yangu alikuwa mtu wa simu ya upepo katika vita vya Kagera. Alibeba redio mgongoni, akipokea na kupeleka maneno ya watu wengine. Aliporudi alifungua kibanda cha kutengeneza redio Kariakoo, na kwa wateja alikuwa chiriku. Kwa dada yake alikuwa bubu.

Shangazi alikuwa na swali moja tu. Mumewe, naye mtu wa redio, alifia mstari wa mbele, na aliyepokea sauti yake ya mwisho ni baba. Kila Ijumaa shangazi alifunga meza yake ya mitumba Mchikichini, akaja kula kwetu. Akishanawa mikono aliuliza, "Kaka, alisema nini?"

"Niliapa, dada. Ya redioni hayatoki."

Miaka zaidi ya arobaini! Mimi nilikua nikikiamini kiapo hicho, hata nikajivunia kuwa na baba wa namna hiyo. Mjinga mimi.

Kisha shangazi akaanza kusahau. Kwanza bei za nguo, halafu njia ya kurudi kwake, halafu majina yetu. Nilimsihi baba amwambie kabla hajapotea kabisa. "Wiki ijayo," alinijibu, wiki nenda wiki rudi. Nilimchukia, nasema kweli.

Ijumaa iliyopita shangazi alinawa, akaanza kula pilau bila kuuliza chochote. Nadhani ndiyo maana baba akafungua kinywa. Alisema shemeji yake aliita alasiri moja, kituo chao kikipigwa mizinga. Alianza, "Mwambie mke wangu," na hapo hapo baba akamkatiza. Mambo ya nyumbani yalikatazwa hewani, na baba alikuwa kijana anayeogopa wakubwa wake.

"Nikamwambia toka hewani. Akatii. Hakuita tena."

Kumbe hakikuwa kiapo. Ilikuwa aibu, na aliingoja siku ambayo hatabaki mtu wa kumlaumu.

Shangazi aliacha kula. Alimtazama kaka yake kwa adabu, kama tunavyomtazama mgeni.

"Masikini. Na huyo mkewe anajua?"

"Hajui," baba alisema.

"Basi kamwambie, mzee wangu. Atakuwa anasubiri."