Pagi Nyuma ya Pazia

Fundi cherehani wa Mwisenge huongea kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili umebana pini. Tangu mitumba iruhusiwe, kazi yake ni kupunguza suruali za wazungu, na mikono yake haikai karibu na kitu bila kukipima. Mteja mmoja anayejiandaa kurudi Ulaya alipomwachia mbwa wake aina ya pagi, amjaribu kwanza kama watawezana, fundi alimpima kuanzia mkia uliojikunja mpaka uso bapa wenye makunyanzi. "Pua wameishonea ndani," akaguna. Mbwa habweki, jua hawezi, na mchana kutwa anakoroma nyuma ya pazia. Atalinda nini? Akaamua kumrudisha.

Ndipo akaja shemeji yake, yule anayeng'ang'ania kumrithi tangu mume wa fundi afariki. Kabla hajakaa, pazia likaunguruma. Shemeji akaganda.

"Si unakaaga peke yako?"

Fundi akatoa pini zote mdomoni.

"Nilikuwaga, shemeji. Punguza sauti, ndo kwanza amepata usingizi."

Shemeji akaondoka kwa kunyata. Fundi akachukua futi, akaenda kumpimia pagi godoro.