Mfuko wa Vinkubala

Majani ya vuli yakishalowa mvua hutoa harufu ya chai iliyosahauliwa kikombeni. Harufu hiyo ilijaa uani kwetu Liège, Ubelgiji, mwaka niliotimiza miaka kumi, mwaka wa pili tangu mimi na mama tuondoke Lubumbashi. Mama alisafisha vyumba vya hoteli, na kadiri baridi ilivyozidi kuuma ndivyo alivyozidi kushikilia ya nyumbani. Kila Jumapili alisonga bukari, ugali wetu, na familia tatu za kwetu zilikuja kula kwa mkono, kuimba, na kucheka kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mimi nilifunga mapazia, nikiomba wanafunzi wenzangu wasipite njia ile.

Vuli hiyo babu yangu wa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, alikuwa akitimiza mwaka tangu afariki, na mama alitaka kumkumbuka kwa chakula alichokipenda: vinkubala, wale viwavi wakavu wa msituni. Bibi aliwatuma kwa mkono wa Mama Ngalula, mwanamke mwenye asili ya Kasai, eneo jingine la Kongo, mgeni wetu wa kila Jumapili na rafiki mkubwa wa mama, aliyekuwa amekwenda Lubumbashi kusalimia ndugu zake. Aliuleta mfuko Jumatano alasiri, mama akiwa kazini.

“Umupe mama,” aliniambia. “Ni bibi yako ametuma.”

Jumamosi ile rafiki yangu wa shule, Sophie, angekuja kucheza kwetu. Mara ya mwisho alikuta mama akichemsha samaki wakavu, akaziba pua, na kesho yake darasa zima likajua. Basi nikaushindilia mfuko ndani ya pipa la majani yaliyofagiliwa uani. Asubuhi gari la taka likabeba kila kitu. Mama alipouliza, nilisema Mama Ngalula hakuleta kitu.

Jumapili, mbele ya wageni wote, mama alimgeukia Mama Ngalula.

“Ngalula, vinkubala ya mama yangu iko wapi?”

“Nilimupa mutoto. Kwa mukono wangu.”

“Mutoto wangu hadanganyake. Sema tu kama ulikula, ama uliuzisha.”

Mama Ngalula hakubishana. Aliniinamia, akasema polepole, “Sema, mwanangu.”

Niliangalia viatu vyangu. Alingoja kwa muda ambao hata leo naona ni mrefu, kisha akachukua koti lake akaondoka. Wengine walianza kutoa udhuru, Jumapili hii na ile. Theluji ilipoanguka, mama alikuwa akisonga bukari ya watu wawili, bila kuimba.

Mama tulimzika miaka mitatu iliyopita. Sikuwahi kumwambia. Sasa naishi Lubumbashi, na wanangu hugombania vinkubala sahanini bila kujali nani anawaona. Ningependa kujivunia jambo hilo, lakini aibu hunitangulia mezani.

Mwezi uliopita nilimfuata Mama Ngalula kwake mtaa wa Hewa Bora, maana naye alirudi zamani. Nilipiga magoti, nikaeleza yote. Alisikiliza huku akichambua mchele, mpaka nikamaliza.

“Miaka yote nilikuwa nangojea mama yako aje,” alisema. “Si weye.”

Kisha akaniletea kiti, kwa kuwa nilikuwa mgeni wake. Chakula cha nyumbani nimekirudisha mezani bila taabu yoyote. Urafiki niliomnyang’anya mama yangu, sina tena wa kumrudishia.