Rubani Hushauri Tu

Siku yangu ya kwanza kazini Kilindini, Kapteni wa Bandari, mkubwa wetu sote marubani, alinipokea kwa maneno ambayo nimeyachukia hadi leo. Alikuwa akikoroga chai, hata macho hakuinua. "Athmani, meli ni ya nahodha wake. Rubani hushauri tu."

Ndiyo sheria ya urubani, nyinyi vijana mnaoniuliza. Meli ya kigeni ikifika nje ya mlango wa bandari, boti yetu hukupeleka, ukapanda ngazi ya kamba ubavuni, ukasimama na nahodha kwenye chumba cha usukani. Wewe wajua miamba na mikondo, yeye ana meli. Wewe wasema "polepole," yeye aamrisha. Manahodha wa meli za saruji walikuwa wakirudia neno langu kabla sijafunga kinywa, kwa hiyo miaka mingi sikuiona tofauti ya kushauri na kuamrisha.

Wakati huo mataifa makubwa mawili yalikuwa yakitugombania kama wachumba wawili kwenye mlango mmoja. Ukimnunia huyu, yule yuaja na zawadi. Tulijua kuringa, wallahi. Miaka ya tisini mmoja akaanguka, na aliyesalia hakuwa na haja ya kutubembeleza. Hapo hapo nyumba ya jirani yetu wa kaskazini ikawaka moto, nasi tukaambiwa sisi ni nchi ya kati, si wakubwa si wadogo, nguzo ya usalama wa eneo hili. Maneno matamu hayo. Bandari ikajaa manowari, meli za kivita za yule aliyesalia, na wakimbizi wa Kismayu wakaambiwa wangoje nje.

Mke wangu Mwanaisha ni Mbajuni wa huko Kismayu. Mamake, Bi Rukia, alikuwa ndani ya chombo kimoja kikuukuu kilichozoea kubeba mbuzi. Habari tuliipata kwa muuza leso wa Biashara Street, naye alikuwa na jamaa zake humo.

"Baba Zuhura," mke wangu akaniambia, "wewe ndiwe waingiza meli. Niletee mama."

Nikaenda kwa Kapteni wa Bandari. "Bwana mkubwa, wamo wazee na watoto, na maji yamewaishia. Niruhusu niwaingize kwanza."

"Manowari yangojwa. Amri ya Nairobi."

"Na Nairobi wameamrishwa na nani?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi. "Athmani, panda boti uende kazini."

Nahodha wa manowari alikuwa mpole, hata kahawa alinipa. Chombo cha wakimbizi kilikuwa kimetia nanga kando ya njia yetu, kimeinamia upande mmoja kwa wingi wa watu. Wanawake walikuwa wakitupungia leso. Walidhani twawajia wao.

"Punguza mwendo," nikamwambia nahodha. "Wimbi letu litawaangusha."

"Sipunguzi mwendo karibu na chombo nisichokijua. Ni kanuni yetu ya usalama."

"Ni wakimbizi hawa. Mkwe wangu yumo. Na haya ni maji ya Kenya."

"Huo ni ushauri?" akaniuliza, kwa adabu kabisa.

Sheria haikunipa neno jingine. "Ni ushauri."

"Nimeusikia," akasema, na mwendo ukabaki ule ule.

Wimbi likakipiga kile chombo. Kikalala ubavu, kikainuka, na waliokuwa wamesimama ukingoni hawakuwapo tena. Nikaita kwa redio, boti yetu ikawaokota baadhi yao. Bi Rukia hakuwa miongoni mwao.

Kapteni wa Bandari aliniuliza jambo moja tu. "Ulishauri?"

"Nilishauri."

"Basi kazi yako uliifanya."

Nasikia serikali nayo iliwapelekea wakubwa wale masikitiko yake, nao wakasema wameyasikia. Mabaharia wao walishuka mjini kununua vinyago. Siku iliyofuata chombo cha wakimbizi kiliruhusiwa kuingia, na mimi ndiye niliyekileta gatini; Bi Rukia hakuwamo. Nahodha wake, mzee wa Kibajuni, alitii kila neno langu, na nilitamani asinitii.

Nyumbani Mwanaisha alikuwa ameshamtandikia mamake kitanda. "Ulimwona?" akaniuliza.

"Niliona leso nyingi."

Sasa nimestaafu, twaishi mtaa wa Buxton. Juzi alikuja mwalimu mmoja wa chuo, mtu mstaarabu, anaandika juu ya nchi za kati na usalama wa eneo. Nilimsimulia haya yote. Akaniuliza kama, kwa maoni yangu, tulikuwa mbali mno na mahali maamuzi yanapofanyiwa.

Mwanaisha alikuwa akitutilia chai. Akaliweka birika chini.

"Mbali wapi, mwanangu?" akamwambia. "Mume wangu alikuwa amesimama kando ya usukani."

Kisha akaingia ndani, nasi tukabaki na chai zetu.