Hesabu ya Viatu Mlangoni

Juma lililopita nilimfinya mjukuu wangu mkono mpaka akalia, na hadi sasa roho haijanitulia. Tulikuwa tumekwenda hitima ya jirani aliyefariki, hapa hapa mtaani kwetu Kuze. Mtoto kufika mlangoni tu akaona viatu vimejaa, akainama, akaanza: mbili, nne, sita, nane. Kwa sauti, tena kwa furaha, vile mwalimu wake wa shule huko Tudor anavyowafundisha kuruka mbili mbili. Nilimkamata nikamvuta. "Wacha! Wacha kuhesabu viatu vya watu!" Wanawake wakageuka kunitazama. Naye akaniuliza, machozi yanamtoka, "Nimekosea wapi, bibi?" Hakukosea popote, maskini wa Mungu. Alikuwa sawa kabisa.

Kaa nikwambie, mwenzangu. Kahawa ipo na haraka hatuna.

Mimi nililelewa na bibi yangu, mama yake baba, katika nyumba ya mawe yenye daka pana la mlangoni mbele na ua nyuma. Ni zamani hizo, reli ingali mpya na watu wakitoka majumbani kwenda kulitazama gari la moshi. Sisi watoto wa kike tulikwenda chuoni kusoma Kurani, basi. Hesabu tulifundishwa jikoni, huku mbuzi inakuna nazi na moshi wa kuni unatutoa machozi, na mwalimu alikuwa bibi mwenyewe. Usidhani alikuwa akitukaririsha. Bibi hakukwambia jibu hata siku moja. Ukimuuliza, naye anakuuliza.

Alikuwa na komwe zake, zile mbegu ngumu za kijivu wanazochezea bao, amezitia katika kifuko cha ukindu. Atazimwaga mkekani na kukwambia, "Tupa jicho. Ngapi?" Useme kwanza, hapo hapo, bila kugusa. Halafu ndipo uhesabu, umwambie umekosa kwa ngapi. Ukikosa kwa nyingi, anacheka. Ukikosa kwa chache, unapewa kaimati. Ukikataa kukisia kwa kuogopa kukosa, hapo ndipo anapokasirika. "Mwanamke asiyeweza kukisia ataiaibisha nyumba yake," ndivyo alivyokuwa akisema.

Siku moja aliniwekea mikate minane ya mofa, na mkekani komwe kumi na moja: hii wewe, hii mimi, hizi wengine wa nyumbani, na hizi shangazi yako na wanawe, wageni wetu. "Haya, utafanyaje?" Nikafikiri weee, kisha nikaziondoa komwe za shangazi na wanawe wawili, zikabaki nane. Lo! Bibi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, akawaita majirani waje kusikia. "Mgeni hatolewi, mwanangu," akaniambia. "Kata mkate." Nimelikumbuka neno lile mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Na hapo jikoni alikuwapo mwalimu wa pili, mpishi wetu, ambaye watoto tulimwita Mama wa Jikoni. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mikono inanuka bizari siku zote. Yeye hakuwa na ukali. Ataficha komwe chini ya kawa la kufunikia chakula, abakishe nyingine nje, aniulize, "Zilikuwa kumi, hizi nne, kawa limekula ngapi?" Nikikwama, ananyanyua ukingo wa kawa kidogo kama kwamba hakukusudia, nami nachungulia. Au aniulize kibaba kitajaa kwa konzi ngapi za mchele. Nami nilijifunza kumrudishia swali: za mkono wangu au wako? Hilo lilimfurahisha sana, akaniambia nina akili za mtu mzima. Nilikuwa nikilala kifuani pake mchana, wallahi, kuliko kifuani pa bibi.

Nikwambie na la pili. Mama wa Jikoni alikuwa mjakazi. Babu alimnunua angali mtoto, na mumewe pia alikuwa wa nyumba hiyo hiyo. Neno hilo halikutajwa kwetu. Bibi akisema "watu wetu," na mimi nikisema "watu wetu," na niliona ni neno la mapenzi. Walipita mlango wa uani. Walikaa uani. Viatu hawakuvaa, mtu wa namna yao hakuvaa kiatu mbele ya bwana wake, ndiyo iliyokuwa desturi, na mimi nilidhani miguu yao haipendi viatu. Usinicheke. Ndivyo nilivyodhani.

Sasa, kwetu watu hawahesabiwi. Unajua mwenyewe. Kuwanyooshea watu kidole ukisema mmoja, wawili, watatu, ni kuwaitia jicho baya. Kwa hiyo karamu ikiwapo, bibi alikuwa na njia yake. Alinituma mlangoni nikatazame viatu. Kila jozi moja ni mtu mmoja, watu wanne ni sinia moja, masinia mawili ni pishi moja ya mchele. Nilizijua hizo kabla sijamaliza juzuu ya kwanza. Na watu wetu je? Wao walikula kinachorudi kwenye masinia, maana mgeni mwenye adabu hubakisha, na makoko ya chini ya sufuria. Hawakuwa na mchele wao kwenye hesabu, na wala sikupata kuuliza.

Basi ikaja hitima ya babu, ile ya kila mwaka. Nilikuwa na miaka minane hivi. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba utumwa hakuna tena, na mume wa Mama wa Jikoni alikuwa ameondoka, yeye na wenzake, wakajenga vijumba vya makuti nje ya mji. Yeye mwenyewe alibaki akitupikia mchana, jioni anakwenda kwake. Juma zima kabla ya siku ile nilimwona ana furaha isiyo ya kawaida. Alikuwa akimshonea mumewe kanzu. Aliniambia, "Safari hii baba yenu," ndivyo alivyomwita mumewe kwetu watoto, "anakuja kumsomea bwana kama watu wengine." Nikamwambia vyema, nikaendelea kuchagua mawe kwenye ungo.

Siku yenyewe jiko lilikuwa linawaka tangu alfajiri. Mbuzi wawili wamechinjwa, vitunguu vimekaangwa mpaka vimekuwa rangi ya mdalasini, supu inachemka na iliki inanukia mpaka njiani. Mchele umeoshwa, unangoja. Desturi yetu ilikuwa hivi: wanaume wakianza kusoma, mimi nakwenda kutazama viatu, narudi kutoa jibu, ndipo mchele unatiwa. Wakimaliza kusoma, pilau nayo imeiva.

Nilikwenda nikasimama kwenye daka, nimevaa kanzu yangu mpya, najiona. Makubadhi yamepangwa mpaka kwenye kizingiti. Nikatupa jicho: thelathini. Nikawa nataka kuanza kuhesabu, ndipo akaja mume wa Mama wa Jikoni na wenzake, wanane jumla yao. Kanzu nyeupe, nyingine zimezidi urefu, kofia zimetiwa wanga, miguu mitupu. Alisimama akafuta nyayo zake kwenye jiwe la mlangoni, mguu mmoja kisha wa pili, taratibu, kama mtu anayeingia msikitini. Alikuwa akinibeba mabegani kwenda kuona ngoma za Idi, huyo. Akaniambia, "Hujambo, mwana?" Nikamjibu sijambo, shikamoo. Akaingia kwa mlango wa mbele, nao wakamfuata. Mimi nikarudi kwenye viatu vyangu, nikahesabu jozi thelathini na mbili.

Nilikwenda mbio jikoni. "Bibi! Nilisema thelathini, ni thelathini na mbili, nimekosa kwa mbili tu! Masinia manane, pishi nne!" Bibi akanibusu kipaji cha uso mbele ya shangazi zangu wote. "Mnamwona huyu? Huyu hatamwaibisha mtu."

Mama wa Jikoni alikuwa ameshika pishi mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba yenu amefika?"

"Amefika. Na wenzake."

"Umemtia?"

 Nilielewa swali, mwenzangu, usije ukanitetea. Nilikuwa na akili za mtu mzima, si alisema mwenyewe? Nilimtazama bibi. Na bibi naye alikuwa amesikia, jiko lenyewe si kubwa. Akarekebisha mtandio wake, akasema, "Tieni mchele, supu inakauka."

Mama wa Jikoni akatia. Pishi nne, si zaidi.

Lililotokea ukumbini nililiona kwa macho yangu, kwa sababu nilitumwa kupeleka ndimu. Maji ya kunawa yamekwisha kupitishwa, kila mtu amenawa, hata wale wanane waliokaa mwisho wa mkeka. Yakaingia masinia, moja, jingine, mpaka la nane. Watu wakakaa wanne wanne. Wale wanane wakabaki wameketi, mikono inachuruzika maji, wanangoja. Mwalimu wa chuo peke yake alisogea akasema, "Karibuni, jamaa, karibuni hapa." Watatu wenzake kwenye sinia hawakusogeza hata goti. Ukumbi mzima ukawa unatazama pilau.

Nilirudi jikoni nikasema wale hawana sinia. Shangazi mmoja akafunua sufuria: imebaki ile ya chini, iliyoshika. Bibi akasema, wala hakupandisha sauti, "Wapelekeeni makoko. Ndicho chakula chao siku zote."

"Makoko, bibi?" akasema Mama wa Jikoni. "Mbele za watu?"

Bibi akageukia sufuria. Mama wa Jikoni akauweka mwiko juu ya kifuniko, polepole, akajifuta mikono kwa leso. Nilidhani atalia. Hakulia. Akanitazama mimi, hakumtazama bibi, na nikaona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Kisha akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe akapita mlango wa mbele. Kule ukumbini mumewe alikuwa amekwisha simama. Nilimsikia akimwambia mwalimu kwa adabu, "Ahsante, mwalimu, sisi tumekwisha kula," na wenzake wakamfuata, mikono ingali na maji.

Nililia jioni nzima. Bibi akanipakata, akaninong'oneza, "Usilie, mwanangu. Hesabu yako ilikuwa sawa." Alitaka kunituliza. Angenipiga ningeona nafuu.

Mama wa Jikoni hakurudi. Sufuria ile ilikaa na makoko yake siku mbili, maana hakuna aliyejua kuisugua. Nilimtaka, nikamlilia, nikasema nipelekwe kwake nje ya mji. Nikaambiwa huko si kwa kwenda. Bibi alipoleta tena kifuko cha komwe nilisema kichwa kinaniuma. Akajaribu mara kadhaa, kisha akakitundika ukutani. Hakuniuliza kwa nini. Nadhani alijua, na nadhani naye aliona haya kwa namna yake, lakini alikufa bila kulisema.

Ni kwenye hitima yake bibi nilipomwona tena Mama wa Jikoni. Nilikuwa mwari, nakaribia kuozwa, nami ndiye niliyesimama mlango wa wanawake kupokea wageni. Alikuja peke yake, amekonda, nywele nyeupe zinachungulia kwenye leso. Na miguuni alikuwa na makubadhi mapya, ya kiume, yamemzidi, anayakokota. Alipofika aliyavua, akayaweka katikati kabisa ya kizingiti, mahali ambapo mtu hawezi kupita asiyaone. Nilimshika mkono nikambusu.

"Leo nimevaa, mwanangu," akaniambia. "Nihesabu."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilimpelekea sinia la kwanza yeye. Alikula matonge machache, akabakisha kama mgeni mwenye adabu, akamwombea bibi dua, akaenda zake. Sikumwona tena.

Leo ile nyumba haipo, imejengwa duka na ghorofa juu yake. Komwe zimepotea, makawa wananunua wageni kwa kupamba ukuta, na harufu ile ya jiko la kuni siipati popote. Ningependa kukwambia naililia yote. Lakini nikiikumbuka raha ya jikoni kwa bibi, nafika mlangoni, naona jiwe lile na mtu anafuta nyayo zake, na raha inanikatikia hapo. Mpaka uzee huu, nikiingia mahali penye watu, natazama miguu kwanza.

Basi juma lile, baada ya kumliza mtoto, nilimpangusa machozi kwa mtandio wangu. Nikamwambia, "Viatu viache. Ingia ndani, uhesabu watu."

Akanitolea macho. "Bibi, si huwa unasema watu hawahesabiwi?"

"Ndiyo, nilisema. Nenda kahesabu."

Akaingia. Nikamsikia akianza, mmoja, wawili, watatu, kidole kimenyooka, na wanawake wakaanza kunong'ona, huyu bibi ana wazimu gani leo. Mara mtoto akaacha kuhesabu. Akarudi mbio mpaka mlangoni.

"Bibi, kuna mtoto mchanga amelala pale pembeni. Hana hata viatu. Nimtie?"

"Mtie, mwanangu," nikamwambia. "Mtie."