Kuionea Wivu Chupa ya Mama

Dada yangu aliingia jikoni kwetu Blacktown, huku ughaibuni, akiwa bado na sare yake ya uuguzi, akaweka chupa ndogo mezani kando ya sufuria ya sukuma wiki. "Mama, ndiyo hii."

Mama aliitazama bila kuigusa. Alikuwa na MS, ugonjwa unaoshambulia neva, na kila jioni miguu yake ilikakamaa kama mbao. Mimi ndiye niliyeikanda mpaka ilegee.

"Kwa hiyo ni bangi," alisema.

"Ni dawa, Mama. Imetengenezwa kwa bangi, lakini daktari ndiye ameiandika. Unajipulizia ndani ya shavu."

"Mimi niliyemfukuza ndugu yangu kwa sababu ya bangi! Akina mama wa kanisa wakisikia?"

"Wakisikia watakuomba."

Tulicheka wote. Usiku huo nilisoma madhara yake yote kwenye simu, na kila asubuhi nikawa namwuliza Mama kama ana kizunguzungu. Hakuwa nacho. Mungu anisamehe, nilivunjika moyo.

Haukuwa muujiza. Mkongojo aliendelea kuutumia, na uchovu wake ulibaki palepale. Lakini miguu ilitulia. Zamani, tukishamaliza kula, alikuwa akiita, "Mikono yangu iko wapi?" nami nakuja. Sasa alichukua simu akampigia dada. "Mwanangu, umeniokoa," nilimsikia akisema, huku mimi naosha vyombo.

Nilimwonea wivu dada, kisha nikaionea wivu chupa yenyewe. Mimi, mtu mwenye shahada! Nilijiuliza kama ningependa Mama aumwe, hata kidogo tu. Swali lilinitisha, nami nikalirudia siku nzima. Miguu ile pia ilikuwa jibu langu kwa kila aliyeuliza mbona sijapata kazi.

"Sasa uko huru, mdogo wangu," dada aliniambia. "Anza kuomba kazi."

Huru! Kana kwamba nilikuwa nimefungwa.

Jioni moja nilikaa kwenye zulia mbele ya kiti cha Mama. "Nikukande?"

"Leo haiumi."

"Najua."

Alinitazama, kisha akavua soksi. Nilipoishika miguu yake, ilikuwa laini. Nilikuwa nimezoea kupambana nayo. Sasa sikujua nianzie wapi.

"Anza na vidole," Mama alisema. "Na hiyo kazi, umeomba?"